Paka wa Nyumbani na Mfuko wa Familia: Ulizeni Bei Kabla ya Haja



Ndugu zetu wasomaji, hapa Kampala, kuanzia Kibuli hadi Kawempe, familia nyingi za Kiislamu zina paka. Anafukuza panya stoo, watoto wanamchezea, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani. Lakini ukimuuliza mwenye nyumba paka huyu alichanjwa lini, mara nyingi utajibiwa kwa kicheko: "Ada ya shule yenyewe hatujamaliza, tumpeleke paka kwa daktari?"

Kicheko hicho hatukikubali. Mnyama uliyemfunga kwako ana haki ya nafaka juu yako, na mafakihi wameandika wazi kwamba asiyeweza kumtunza mnyama wake ampe mwenye uwezo au amwachie ajitafutie riziki. Sote tunaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Zaidi ya hapo, matunzo ya kawaida ya paka hayana ughali huo tunaoudhania. Ughali unaletwa na haraka. Mtu anakaa mwaka mzima bila kuuliza chochote, kisha paka anaumwa usiku wa Jumamosi, anaitwa daktari wa kwanza aliyepatikana, na hapo bei ni ile itakayotajwa.

Tuanze na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu hii inahusu maisha ya watoto wetu. Paka naye huupata ugonjwa huu na huuambukiza kwa kuuma na kwa kuparura. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa nao kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali bila kuchelewa, hata kama paka ni wenu. Mtoto huyo atahitaji sindano kadhaa kwa siku tofauti, na nauli ya kila safari. Linganisheni gharama hiyo na sindano moja ya paka.

Na hiyo sindano moja nayo inaweza kushuka bei. Chanjo hii huja pia katika chupa ya dozi kumi, na chupa ikishafunguliwa haiwekwi mpaka mwezi ujao. Daktari akiitwa kwa paka mmoja huko Bwaise, dozi zilizobaki na nauli ya boda boda huingia katika hesabu yako. Familia kumi za msikiti mmoja zikikubaliana siku moja, daktari anakuja mara moja na chupa inaisha. Akina mama wanaochangishana kwa ajili ya arusi na misiba hawashindwi kupanga jambo hili. Tunashangaa tu kwamba halijawa desturi.

Tena kuna siku ya kusubiriwa. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inayoadhimishwa tangu 2007, na karibu na siku hiyo mamlaka ya jiji, KCCA, imewahi kuchanja mbwa na paka bure. Ulizeni mapema kwa mwenyekiti wa LC au ofisi ya mifugo ya divisheni yenu kama zoezi litafanyika na wapi. Septemba ndiyo pia mwezi wa ada ya muhula wa tatu, basi ahueni hiyo inakuja wakati wake. Kama halifanyiki, msingoje mwaka mwingine. Rudini kwenye ile chupa ya watu kumi.

Kwa dawa za minyoo na viroboto, kuna Container Village, eneo ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa maduka ya pembejeo na dawa za mifugo. Mtu akitoka Old Kampala baada ya Ijumaa si mbali. Pita duka la kwanza, la pili, la tatu. Uliza jina la dawa, kiasi cha dawa katika kidonge, tarehe ya kuisha, na bei. Usinunue siku hiyo. Kuuliza bei hakuna dhambi, bali lililokatazwa ni kuingilia biashara ambayo ndugu yako ameshakubaliana. Kisha mpime paka wako nyumbani: jipime umembeba, jipime peke yako, utoe. Kidonge hutolewa kwa uzito. Wanafunzi wa Makerere wana bahati zaidi, kwani chuo chao cha udaktari wa mifugo kina kliniki ya wanyama wadogo. Ukipita getini kila siku, ushauri na bei viko karibu nawe.

Hapa tunataka tueleweke vizuri, maana kuna urahisi unaoua. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe, na nyingi za viroboto vya mbwa, zina permethrin au jamaa zake kama cypermethrin. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo. Paka hutetemeka, hupata degedege, na hufa. Panadol nayo humuua, hata kidonge kimoja. Na chanjo usinunue dukani ukaitia mfukoni: hukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, ikipata joto inaweza kupoteza nguvu, nawe ukajidanganya kuwa umechanja. Duka liwe na kibali cha NDA, na daktari awe amesajiliwa. Bei ilinganishwe baina ya hao.

Kuhusu chakula, mukene ni mzuri, ila ule wa bei ya chini kabisa mara nyingi umeanikwa mchangani. Uoshe, upime tena, halafu ndiyo ulinganishe na ule ulioanikwa kwenye vichanja. Kuhusu kumfunga paka kizazi, masheikh wamehitilafiana, na wengi wameruhusu pakiwa na maslahi na bila kumdhuru. Muulizeni sheikh wenu, kisha muulizeni daktari, kabla hamjapata watoto sita wa paka chini ya kitanda.

Na paka akiacha kula siku nzima, au akihema kwa shida, au akishindwa kukojoa, siku hiyo hakuna kuzunguka maduka. Beba kapu, panda boda, nenda. Zile shilingi ulizookoa kwa kuuliza mapema zilikuwa za siku hii.

Wabillahi tawfiq.