Anga Halikuwa Samawati

Mwezi wa Mei, mvua ya masika ikipiga mabati hata hatusikizani, mvulana mmoja wa Gredi ya 6 aliniletea daftari lake. Kichwa cha insha: "Siku Nisiyoisahau". Anga, aliandika, lilikuwa samawati, jua lilikuwa limechomoza kwa madaha, na ndege walikuwa wakitumbuiza kwa nyimbo tamu matawini. Yeye mwenyewe alikuwa amerauka macheo, akapiga mswaki, akastaftahi. Nikamuuliza siku hiyo ilikuwa lini. "Juzi," akasema. Juzi mvua ilinyesha kutwa, njia ya kwenda ufuoni ikajaa maji. Nikamuuliza ni ndege gani aliowasikia. Akanitazama kama mtu aliyetegewa swali. "Mwalimu, insha huanza hivyo."

Huwa naendesha kikao cha uandishi kila Alhamisi jioni katika shule moja ya msingi ya Kaunti ya Kilifi, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jingine lolote. Insha huanza hivyo. Mhusika akikimbia, hutimua mbio kama swara. Akilia, machozi humtiririka njia mbilimbili. Akifurahi, ni furaha ghaya. Mambo yakiharibika, huharibika kufumba na kufumbua, na mwishoni wahenga huletwa kuthibitisha kwamba hawakupotoka waliponena. Mtoto wa Lamu na mtoto wa Turkana wanaandika asubuhi ile ile, chini ya anga lile lile, na asubuhi yenyewe hakuna hata mmoja wao aliyeiona.

Wazazi wengi, na walimu wengi ninaowaheshimu, wanaamini kwamba mtoto anayejua kuandika ni yule aliyehifadhi misemo, tashbihi na methali tele, na kwamba kazi ya somo la insha ni kumjazia ghala hilo. Vijitabu vya misemo vinanunuliwa kwa imani hiyo. Karatasi za manila zinabandikwa ukutani kwa imani hiyo: upande huu misemo ya furaha, upande ule misemo ya huzuni, mtoto achague kama anayechagua nyanya sokoni. Mimi nasema imani hiyo inamdhuru mtoto. Inamfundisha, akiwa na miaka kumi na mmoja, kwamba ukishika kalamu unafumba macho.

Ilikotoka tunakujua. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ulifanywa kuanzia 1985 hadi 2023, na insha ya Kiswahili ilikuwa na dakika 40 na alama 40. Mtoto alipewa kianzio au kimalizio, akaambiwa aandike. Msahihishaji naye alikuwa na rundo mbele yake na siku chache za kulimaliza. Katika hali hiyo kinachohesabika ndicho kinachopata alama, na misemo huhesabika: mmoja, wa pili, wa tano. Ukweli wa mtoto hauhesabiki kwa kidole. Kwa hiyo walimu, ambao nao walipimwa kwa alama za wanafunzi wao, wakafunza kinachohesabika. Sioni uovu wa mtu hapo.

KCPE imekwisha, karatasi za manila zimebaki ukutani. Mtaala wa umilisi unautaja ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, lakini mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, ulioanza 2022, ulikuja ukiwa wa kuchagua jibu. Jirani zetu wa Tanzania nao hawakutuzidi. Kwa miaka mingi karatasi ya Kiswahili ya darasa la saba ilikuwa na sehemu iliyoitwa utungaji, ambamo mtoto alipewa sentensi zilizovurugwa azipange kwa herufi A, B, C, D. Kupanga ni stadi, sikatai. Ila aliyetunga pale ni mtunga mtihani.

Nirudi kwa yule mvulana. Nilifunga daftari lake, nikamwomba anisimulie tu hiyo juzi. Baba yake ni mvuvi. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza na vidau vidogo havitoki nje ya mwamba, lakini baba alikwenda hivyo hivyo kutega ndani ya mwamba, akarudi mikono mitupu. Nikamuuliza: wewe ulijuaje kwamba hakupata kitu? Alisema? Hakusema. Basi ulijuaje? Alikaa kimya muda mrefu, akinyonya ncha ya kalamu, kisha akarudi kwenye dawati lake. Alichoniletea ni hiki, na alinipa ruhusa ya kukinakili:

"Baba akipata samaki huingia na matope. Akikosa hunawa miguu kwanza. Juzi alinawa mpaka maji ya ndoo yakaisha. Mama alisema maji si kitu, kesho tutachota. Hakuna aliyeuliza samaki."

Baada ya sentensi ya tatu palikuwa na maneno yaliyokatwa kwa mstari: "Baba alihuzunika sana." Nikamuuliza mbona ameyakata. Akajibu, "Si inaonekana."

Nataka msomaji akae na jibu hilo kidogo, kwa sababu yote ninayoyatetea yamo humo. Hakuna aliyemfundisha kanuni. Alifika mwenyewe, kwa kuandika, mahali ambapo waandishi wazima hufika kwa taabu: akaona kwamba miguu inayonawishwa kupita kiasi inasema zaidi kuliko neno huzuni, na kwamba msomaji ana akili na anaweza kuachiwa kazi. Alikuwa anakijua kisa cha miguu miaka yote bila kujua kwamba anakijua. Alipoulizwa swali ambalo msemo haukuweza kulijibu, akalazimika kwenda kutazama ndani ya nyumba yao, na alichokikuta huko kilikuwa chake peke yake.

Akawasomea wenzake. Palikuwa kimya. Halafu msichana mmoja, ambaye mama yake ni mama karanga, yaani mkaanga na muuza samaki, pale ufuoni, akasema bila kunyoosha mkono: "Kwetu ni sufuria. Ikirudi nzito, hatuombi pesa ya daftari." Hakuwa amesema neno katika vikao vitatu. Dakika ile watoto arobaini walielewa kwamba nyumbani kwao kuna kitu kinachostahili kuandikwa. Kabla ya hapo walidhani hadithi ni za watu wenye bustani, ndege na jua la madaha.

Wiki mbili baadaye kukawa na mtihani wa pamoja. Mvulana akaandika kisa chake cha miguu, akakirefusha hadi ukurasa na nusu. Akapata 17 kati ya 40. Insha yake ya awali, ile ya anga samawati, ilikuwa imepata 31. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Insha kavu. Msamiati haba. Tumia mbinu za lugha." Simlaumu aliyeyaandika maneno hayo. Ana wanafunzi zaidi ya sitini, na yeye mwenyewe alisahihishwa hivyo alipokuwa mtoto. Lakini hilo neno "kavu" nalikataa kwa nguvu zangu zote. Alama 14 alizopokonywa mtoto yule ni bei ya kusema kweli, na mtoto huelewa bei haraka kuliko tunavyofikiri. Alhamisi iliyofuata aliniuliza kama arudishe ndege.

Watetezi wa misemo huniambia kwamba bila hiyo Kiswahili kitakufa, watoto watabaki na Sheng tupu na lugha ya simu. Hoja hii inagusa kitu ninachokipenda, kwa hiyo naijibu kwa uzito wake. Misemo ya Kiswahili ni mali. Lakini fikirini ilivyopatikana. Kitendawili! Nyumba yangu haina mlango. Jibu tunalijua sote: yai. Mtu wa kwanza kulisema hilo alikuwa ameshika yai mkononi, akaligeuza, akatafuta pa kuingilia, akakosa. Alitazama kitu ambacho kila mtu alikiona kila siku, akakiona upya. Huo ndio urithi wenyewe: kule kutazama. Tunapompa mtoto maneno ya aliyetazama zamani na kumwambia yanatosha, tunampa ganda. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, anasifiwa hadi leo kwa kuutoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni, kwenye siasa za mji wake, mapenzi na maisha ya watu waliomzunguka. Hasifiwi kwa kuhifadhi waliyoyasema waliomtangulia, ingawa aliyajua. Anayekipenda Kiswahili amtakie mtoto ujasiri wa namna hiyo.

Methali nayo imefanywa hakimu darasani. Mtoto anasimulia mwizi aliyepigwa na umati hadi kufa, kisha anamaliza kwa kusema wahenga hawakukosea, za mwizi ni arobaini, na anapata tiki. Nimezisoma insha za namna hiyo nikakosa usingizi. Mtu ameuawa barabarani mbele ya mtoto, na tumemwonyesha mtoto namna ya kufunga jambo hilo kwa maneno manne bila kujiuliza chochote. Kama angeandika alichokiona, kiatu kimoja kilichobaki kwenye lami kwa mfano, angelazimika kuuliza mwenye kiatu ni nani.

Na hayaishii shuleni. Nendeni mazikoni msikilize wasifu wa marehemu ukisomwa: alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi, ameacha pengo lisilozibika. Mtu aliyeishi miaka sabini, aliyekuwa na namna yake ya kucheka na kikombe ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukitumia, anazikwa kwa maneno ambayo yangemfaa jirani yake. Anayesoma wasifu anampenda marehemu kwa dhati na machozi yanamtoka. Ameshindwa tu kumsema, kwa kuwa tangu darasa la nne aliambiwa huzuni ina misemo yake na iko ukutani.

Kuna wanaosema watoto wasubiri, sarufi kwanza, ubunifu baadaye. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walitoa ripoti iliyokusanya tafiti kuhusu kufunza uandishi kuanzia darasa la nne kwenda juu. Kufunza sarufi kivyake hakukuboresha uandishi wa wanafunzi. Kilichoboresha zaidi ni kuwafunza kupanga wanachotaka kusema, kukiandika, kukirudia na kukirekebisha. Nyingi ya tafiti hizo ni za Marekani, lakini nimeona jambo hilo hilo Kilifi. Yule msichana wa sufuria alikuwa hajali alama za uakifishaji hata kidogo, mpaka siku aliyoandika mazungumzo ya mama yake na mteja mbishi. Wenzake walipoyasoma wakachanganya nani kasema nini. Alikasirika, akaja kuniuliza vile vialama viwili vya usemi vinawekwaje. Sasa alikuwa anavihitaji.

Kwa wanaosema uandishi ni kipaji sitasema mengi. Hatumzuii mtoto asiye na kipaji cha hesabu kujifunza kugawanya.

Na kuhusu ukosefu wa muda na vifaa: Alhamisi moja niliwaomba waandike sentensi tatu kuhusu mlango wa nyumbani kwao. Robo saa, kalamu na karatasi. Sharti lilikuwa moja, usiandike kitu ambacho mtu asiyewahi kufika kwenu angeweza kukikisia. Nilipata milango arobaini. Kuna wa mabati uliotobolewa na panya, mbwa mdogo akautumia. Kuna ambao ni leso tu, na mwenye leso akihitaji kwenda msibani nyumba hukaa wazi. Kuna unaopaswa kuinuliwa kidogo kabla ya kusukumwa, kwa hiyo wageni hudhani umefungwa. Na kuna huu: "Mlango wetu hufungwa kwa jiwe kwa ndani, kwa hiyo mama ndiye huingia mwisho." Mwandishi wake alikuwa wa mwisho katika mtihani wa Kiswahili muhula ule. Alipomaliza kusoma aliniuliza kama aongeze methali. Nikamwomba asome tena kwa sauti. Akasoma, akarudi kuketi, hakuongeza kitu.

Mwalimu mwenzangu, jioni hii una daftari sitini mezani na taa inayozimika-zimika. Sikuombi uzisome zote kwa jicho jipya. Chukua moja, ya mtoto yeyote. Pita anga, pita jua, pita ndege. Tafuta sentensi moja ambayo hakuna mtoto mwingine darasani mwako angeweza kuiandika. Huenda imejificha katikati, imeandikwa vibaya, bila nukta. Ipigie mstari kwa kalamu hiyo hiyo nyekundu, na pembeni yake andika: "Anzia hapa."