Penseli Moja Haiwezi Kumpima Mtoto wa Machimboni

Katika Soko la Dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019 likiwa la kwanza nchini, hakuna mnunuzi anayetoa fedha kwa kuangalia mali kwa macho. Dhahabu hupimwa uzito, hupimwa usafi kwa mashine, afisa wa madini yupo pale anaandika, na muuzaji asiporidhika anabisha na kutaka ipimwe tena. Nje ya soko hilo, mtoto aliyekaa shuleni miaka saba anapimwa kwa siku mbili, kwa penseli, kwenye karatasi ya kutia vivuli inayosomwa na kompyuta. Akikosea hana pa kubishia. Heshima tunayoipa dhahabu hatumpi mtoto, na hii ni aibu ya ukanda mzima, kuanzia Geita hadi Kahama, Msalala, Kishapu na Shinyanga yenyewe.

Baraza la Mitihani lilianza kusahihisha mtihani wa darasa la saba kwa kompyuta mwaka 2012. Sababu zilieleweka, maana watahiniwa ni wengi mno na usahihishaji wa mkono ni mrefu na wa gharama. Lakini tazameni kilichotokea madarasani. Swali lenye majibu matano humpa hata asiyejua kusoma nafasi moja kati ya tano ya kupata, na maswali machache ya kuandika yaliyoongezwa baadaye hayajauondoa ugonjwa. Mwalimu aliyeona hivyo, huku akibanwa na wakubwa wake kuhusu ufaulu, akaacha kufundisha kusoma, kueleza na kujenga hoja, akaanza kufundisha namna ya kukisia herufi. Mitihani ya majaribio, yaani moko, ikajaa: moko ya kata, moko ya wilaya, moko ya mkoa, mtihani wa kujipima kila wiki, kisha kambi ya darasa la saba ambako watoto wanalala shuleni wakikariri majibu ya mitihani ya miaka iliyopita. Mzazi naye, aliyeambiwa tangu Januari 2016 kwamba elimu ni bila ada, anachangishwa hela ya kurudufu karatasi. Mnaita hivi kupima? Mnamchosha mtoto tu.

Tamaa ya asilimia ina mwisho wake, nao tumeuona. Mwaka 2022 Baraza lilifungia vituo 24 vya mtihani wa darasa la saba kwa udanganyifu. Januari 2023 likaacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, uamuzi ninaoupongeza kwa moyo wote. Lakini ushindani haukufa. Umehamia kwenye vikao vya tathmini, ambako Mwalimu Mkuu wa shule ya mwisho anasimamishwa mbele ya wenzake aeleze kwa nini ameshuka, na hakuna anayemuuliza ana walimu wangapi.

Wala hatukosi mwongozo. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilaani mfumo unaotukuza mtihani na kumpima mtoto kwa kukariri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Sekondari zikapata alama za maendeleo. Shule ya msingi, ambako ndiko mtoto anajengwa au anabomolewa, ikaachwa na mtihani wake mmoja wa mwisho. Zaidi ya nusu karne tangu Elimu ya Kujitegemea, na bado!

Mtazameni binti wa darasa la nne pale kwenye machimbo ya Rwamgasa au Mwakitolyo. Amelelewa kwa Kisukuma. Nyumbani kwao anajua mifuko ya mawe inavyogawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na wachimbaji, na anajua baba yake akipunjwa mfuko mmoja inakuwa hasara gani. Hayo ni mafungu na asilimia, hesabu ambayo wengine wanaisoma kwa machozi. Mwulize kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa, atakujibu huku akipepeta mahindi. Mwandikie swali hilohilo kwa Kiswahili cha kitabuni chenye mistari minne, atakwama kwenye mstari wa kwanza, na karatasi itatangaza kwamba hajui hesabu. Si kweli! Anajua hesabu, bali hajui kusoma kwa ufasaha, na hayo ni magonjwa mawili yenye dawa mbili tofauti. Kipimo kisichoweza kutofautisha magonjwa hayo kinamdhuru mgonjwa.

Wapo waliokwisha kutuonyesha kwamba kupima vizuri si anasa. Watafiti wa Uwezo, walipoanza kuzunguka vijijini Afrika Mashariki miaka kumi na tano na zaidi iliyopita, walikwenda na karatasi nyepesi: silabi, maneno, aya, hadithi. Wanakaa na mtoto mmoja mmoja, anasoma, wanasikiliza. Kwa dakika chache wanajua mtoto anaishia wapi. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Shinyanga na mikoa mingine minane hadi mwaka 2020, uliwapokea watoto wasiojua Kiswahili kwa hadithi na michezo kabla hawajaingia darasa la kwanza. Miradi huja na kuondoka. Tulichokosa ni halmashauri zinazoshika kilichofanya kazi na kukilipia wenyewe mradi unapofunga ofisi.

Na vifaa tunavyo! Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi karibu laki tatu. Nchi nyingi maskini zinaota jambo hilo. Sasa niambieni, kishikwambi hicho kinafanya nini shuleni kwenu? Katika shule nyingi kinatuma takwimu kwenda juu, kinapokea matangazo ya kikao, kisha kinafungiwa kabatini kisiibiwe. Mwalimu ananunua bando kwa mshahara wake. Nguzo ya umeme inapita ubavuni mwa shule, ofisi ya Mwalimu Mkuu ina soketi moja, madarasa hayana kitu. Halafu mgeni akija kutoka wilayani, kishikwambi kinatolewa kabatini, kinafutwa vumbi, tunapiga picha na kusema tumeingiza teknolojia darasani.

Teknolojia ya darasani naifahamu hivi. Darasa la watoto mia si ajabu Geita. Mwalimu achague watoto watano kila siku ya shule. Wenzao wakiwa na zoezi la kuandika, amwite mmoja mmoja pembeni, ampe aya fupi, awashe kinasa sauti cha kishikwambi, amwache asome kwa dakika moja. Dakika moja tu. Watoto watano kwa siku ni watoto mia kwa siku ishirini za masomo, yaani mwezi mmoja. Mwezi unaofuata arudie, na sasa ana sauti mbili za mtoto yuleyule za kulinganisha. Anasikia kwamba huyu bado anasoma silabi kwa silabi, yule anasoma haraka lakini akiulizwa habari inasema nini ananyamaza, na mwingine anaruka kila neno lenye "ng'". Hapo ndipo anapowapanga watoto kwa makundi ya mahitaji yao, na kila kundi linapata kazi yake. Kazi hii haihitaji intaneti wala bando. Mzazi akiitwa kwenye kikao anawekewa sauti ya mwanawe ya Februari na ya Juni, na hata mama asiyejua kusoma anasikia tofauti kwa masikio yake. Ni mzazi gani atakayeichezea shule iliyomfanyia hivyo?

Vivyo hivyo kwa sayansi. Muhtasari unataja kazi mradi na mkoba wa kazi, maneno mazuri yanayonakiliwa kwenye andalio la somo kisha yanasahauliwa. Watoto wa Nyarugusu wachuje maji ya kisima kwa mchanga na mkaa, wapige picha kila hatua, waeleze kwa mdomo walichokiona. Wajifunze kwa nini zebaki inayochomwa mwaloni, mahali pa kuchenjulia dhahabu, inaua taratibu, waandike tangazo, wawasomee wazazi. Mwalimu awape alama kwa maelezo, kwa ushirikiano, kwa usahihi wa vipimo. Hakuna karatasi ya vivuli itakayoweza kuyaona hayo.

Kuna wanaosema walimu watapika alama. Ndiyo, alama za kuandika tu kwenye daftari zinapikika, tumeziona sekondari. Lakini sauti ya mtoto anayesoma haipikiki kirahisi, na mthibiti ubora anaweza kuchagua watoto kumi, akasikiliza, akamwita mtoto asome mbele yake. Kishikwambi kinampa mthibiti ushahidi ambao daftari la alama halijawahi kumpa. Wengine wanasema walimu wamechoka. Wamechoka kweli, nawatetea kabisa. Basi futeni moko tatu muwarudishie muda wao.

Tena kipimo cha mara kwa mara kinaokoa zaidi ya alama. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu hapa Tanzania, Geita na Kahama zikiwemo, wakishuka kwenye maduara na kushika zebaki kwa mikono. Mtoto haendi mwaloni ghafla. Anaanza kukosa Jumatatu, siku nyingine anarudi na usingizi, kusoma kwake kunadorora. Mwalimu anayemsikiliza kila mwezi atamgundua Machi, akamfuata nyumbani. Mtihani wa Septemba utamwandika kuwa hakuhudhuria, basi.

Kisha mnaniambia hakuna fedha. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na zinazokusudiwa kufika shuleni ni 6,000, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Naafiki, hizo hazitoshi kitu. Lakini hapa ni ukanda wa dhahabu! Migodi mikubwa inalipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inaulazimisha mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mgodi wa Geita pekee umekuwa ukitoa takriban shilingi bilioni 9 kwa mwaka kwa mpango huo. Fedha zimejenga madarasa, zahanati na masoko, na nashukuru. Ila tunapenda mno kitu cha kukatia utepe. Soketi, paneli ya sola, kadi za kumbukumbu zilizojazwa vitabu na hadithi, na semina za walimu havina utepe, ndiyo maana vinakosa mtetezi kwenye baraza la madiwani.

Programu nazo zipo. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa vishikwambi watoto wa vijiji karibu 170 vya Tanga, wengi wao hawajawahi kuketi darasani, na programu mbili zilizoshinda, za onebillion na Kitkit School, ziliwafundisha kusoma kwa Kiswahili bila intaneti. Programu hizo ziliachwa wazi zitumiwe na yeyote. Watoto wetu walitumika kuzijaribu, na leo mtoto wa Msalala hajaziona hata kwa picha. Hili linaniuma.

Muda haupo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule watakaomaliza wale wa darasa la saba wa mfumo wa zamani. Mtihani wa darasa la saba unaondoka. Tukiingiza upimaji mpya wa darasa la sita na moko zilezile, kambi zilezile na uaibishaji uleule wa vikaoni, tutakuwa tumebadili namba ya darasa tu.

Kwa hiyo nawaambia madiwani wa Geita, Mbogwe, Msalala, Kahama na Kishapu: rasimu ya matumizi ya fedha za mgodi ikiletwa mezani, msiipitishe mpaka muone humo umeme wa madarasa, mafunzo ya walimu kuhusu kupima, na maudhui ya vishikwambi. Nanyi maafisa elimu, anzeni kwa kufuta moko za kata muhula ujao. Na wewe mzazi, ukiitwa kikao cha shule, usiulize tumekuwa wa ngapi. Mwombe mwalimu amwite mwanao asome mbele yako.