Masomo Yaje Janga, Karakana Iwe Kibaha

Chuo cha ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu kinachofahamika zaidi ukanda huu kipo Yombo, Dar es Salaam. Kutoka Janga, mkoani Pwani, msafiri hupita Mlandizi, Kibaha Maili Moja, Mbezi, ndipo aingie upande wa Temeke. Kijana anayetumia kiti cha magurudumu hulipa nauli yake, mara nyingi na ya msaidizi, na hata akipata nafasi ya bweni itambidi awaache wanaomsaidia nyumbani.

Wengi huishia hapo, na si kwamba hawapendi kusoma.

Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Watanzania wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka saba na zaidi. Chuo kimoja cha mbali hakiwezi kuwabeba wote. Mafunzo ya mtandaoni yangepunguza sehemu kubwa ya safari hiyo, na njia yake ilishajaribiwa nchini: mwaka 2016 VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kampuni ya simu ya Airtel walizindua VSOMO, programu ya simu ambayo mwanafunzi alisomea nadharia, kisha akaenda chuoni kwa vitendo. Utaratibu huo unawafaa watu wenye ulemavu kuliko mtu mwingine yeyote. Nadharia ya umeme wa majumbani au ya ufundi simu isomwe Janga. Vitendo vifanyike Kibaha, kwenye chuo cha VETA Pwani au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilichopo Shirika la Elimu Kibaha.

Shida ni jinsi masomo yenyewe yanavyoandaliwa. Asiyeona husikiliza simu. TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, imo kwenye simu za Android, na kwenye kompyuta kuna NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia na vijana wawili wasioona. Zote zaweza kusoma Kiswahili kwa sauti. Lakini mwalimu akipiga picha kurasa za daftari lake na kuzituma kama somo, programu hizo mara nyingi hushindwa kuzisoma, kwa sababu picha haina maandishi ya kusomwa moja kwa moja. Vitufe visivyo na majina navyo humwacha msikilizaji akipapasa tu.

Kwa kiziwi kikwazo ni kingine. Video ya kushona isiyo na mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania humwonesha mikono ya fundi bila sababu ya kila hatua. Kuweka maandishi chini ya video kunasaidia, ila hakutoshi kwa aliyepita shule bila mwalimu anayejua alama. Mwenye ualbino anahitaji herufi zinazokuzwa bila ukurasa kuvurugika. Yote haya ni kazi ndogo kozi ikiwa bado inatengenezwa. Ikishakamilika, kuirekebisha ni kuianza upya.

Kenya kuna cha kujifunza. Tangu 2009 shirika la inABLE limekuwa likiweka maabara za kompyuta katika shule za wasioona, Thika ikiwa mojawapo, na wanafunzi hufundishwa kwanza kuitumia mashine kwa kuisikiliza. Mwanafunzi wa Janga naye apewe wiki hizo za mwanzo, ana kwa ana, kabla ya kukabidhiwa kozi.

Bando nani alipe? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na mbili kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mkopo wa biashara bila ujuzi ni deni tu, hivyo ni haki halmashauri itafute fungu jingine la simu na bando, lisilorejeshwa.

Ajira nayo isisubiri huruma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na asilimia tatu wenye ulemavu. Viwanda vinaongezeka Kibaha, Kwala ikiwemo. Vyuo viwili vya Kibaha, cha VETA na cha Maendeleo ya Wananchi, vikae na wenye viwanda sasa, kabla kozi haijaandikwa, vijue ni mafundi gani wanaohitajika, na maofisa kazi wa mkoa waanze kuikagua hiyo asilimia tatu kiwanda kwa kiwanda.