Samaki mgeni atengwe kwanza

Methali yetu yatuambia kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Hekima hiyo yawafaa binadamu. Kwa samaki aliyetolewa baharini akaletwa kuishi katika tangi la kioo, siku mbili hazitoshi hata kumjua. Yampasa kukaa peke yake kwa muda usiopungua wiki nne, akichunguzwa na, ikibidi, akitibiwa, kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Nayasema haya kwa kuwa desturi ya kumtia samaki mgeni katika tangi la wenzake siku ile ile ya kununuliwa imeenea mno, nayo inaangamiza viumbe ambao sisi Wakenya tuna haki na wajibu wa kuwatetea.

Huenda msomaji akauliza: haya yanamhusu nini mkulima wa Nyeri au mchuuzi wa Gikomba? Yanamhusu, kwani baadhi ya samaki hao ni mali ya taifa letu. Kwa miongo kadhaa sasa wavuvi wa Pwani, kutoka Shimoni hadi Kilifi, wamekuwa wakipiga mbizi miambani na kuwanasa wakiwa hai kitatange, kangaja na samaki wengine wa mapambo. Samaki hao hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, hupangwa masandukuni, kisha husafirishwa kwa ndege hadi ng'ambo. Miongoni mwao yumo samaki mdogo mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye kazi yake mwambani ni kuwala vimelea walioganda juu ya miili ya samaki wenzake. Naam, twamsafirisha tabibu wa mwamba hadi nchi za mbali, naye huenda akafa kwa maradhi katika tangi la mtu asiye na subira.

Maradhi yanayosumbua zaidi ni yale ya madoa meupe. Chanzo chake ni kimelea kidogo mno kinachojichimbia katika ngozi na matamvua ya samaki, kikaishi hapo kwa siku tatu hadi saba. Kikishashiba huanguka, hujifunika kwa gamba gumu mchangani au juu ya jiwe, kisha hujigawa humo mara nyingi. Baada ya siku kadhaa, na pengine wiki kadhaa, gamba hilo hupasuka na kutoa watoto kwa mamia, kila mmoja akimsaka samaki wa kumshika. Wasipompata kwa muda wa siku moja au mbili hivi, hufa.

Hapo ndipo ulipo udanganyifu wa ugonjwa huu. Madoa yanapodondoka, mwenye samaki hushangilia akidhani kwamba samaki wake amepona. La hasha! Adui ameteremka kwenda kuzaa, naye atarudi na jeshi. Baharini jeshi hilo hutawanywa na mikondo na mawimbi, hata samaki mmoja akashikwa na vimelea wachache tu ambao mwili wake unaweza kuwastahimili. Tangini hakuna mikondo ya kulitawanya. Watoto wote wa kimelea hurudi kwa samaki wale wale, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka matamvua yaharibike na pumzi ikatike. Wahenga waliponena kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, walikuwa wakituonya sisi binadamu, lakini ndani ya tangi maneno yao ni kweli tupu.

Upo ugonjwa mwingine mkali zaidi, unaomfanya samaki aonekane kama aliyenyunyiziwa vumbi la dhahabu. Huo hushambulia matamvua kwanza, na waweza kumaliza tangi zima kwa siku chache kabla mwenyewe hajaona dalili yoyote ngozini. Kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, ambaye ni fahari ya miamba yetu, ni miongoni mwa wale wanaoshikwa upesi na maradhi ya madoa. Kumtia tangini bila ya kumtenga ni kumhukumu kifo pamoja na wenyeji wake.

Kutenga kwenyewe si jambo la gharama kubwa. Latosha tangi dogo lisilo na mapambo, la lita 80 au 100 kwa samaki wadogo, lenye hita, pampu ya hewa na chujio la sifongo. Sifongo hiyo iwe imekaa katika tangi kubwa kwa wiki kadhaa kabla, ili ipate bakteria wanaoondoa amonia itokanayo na kinyesi cha samaki. Mchanga na matumbawe visitiwe humo, kwani hunyonya dawa. Vipande vya bomba la plastiki vitamtosha mgeni kujificha. Wavu na ndoo ziwe za tangi hilo peke yake, maana tone moja la maji laweza kuhamisha ugonjwa kutoka tangi hadi tangi.

Kuhusu tiba, dawa ya kale ya madoa meupe na ya lile vumbi la dhahabu ni shaba, ambayo wazee wa Pwani huijua kwa umbo la mrututu. Kiwango chake ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba huru katika kila lita ya maji, nacho hudumishwa kwa wiki tatu au nne na kupimwa kila siku. Kikipungua, kimelea huokoka. Kikizidi, samaki hufa kwa sumu. Shaba haimwui kimelea aliyejichimbia ngozini wala aliye ndani ya gamba, bali humwua mtoto anayeogelea. Ndiyo sababu tiba ni ya wiki nyingi wala si ya siku mbili. Aidha, shaba huua kamba, konokono na matumbawe, kwa hiyo haifai kamwe kutiwa katika tangi kubwa lenye viumbe hao. Ikiwa ugonjwa umekwisha kuingia katika tangi hilo, dawa yake ni kuwahamisha samaki wote na kuliacha tupu kwa wiki sita au zaidi, ili vimelea wafe kwa kukosa wa kumshika.

Wapo pia minyoo bapa wanaong'ang'ania ngozi na matamvua. Hao huondolewa kwa prazikwanteli, dawa ile ile wanayopewa watoto wetu shuleni dhidi ya kichocho. Na klorokwini, ambayo Kenya iliiacha mwaka 1998 kuwa dawa ya kwanza ya malaria baada ya vimelea kuizoea, hutumiwa na baadhi ya wafugaji wa samaki kutibu maradhi niliyoyataja. Habari ya klorokwini na itufunze jambo. Dawa inayotumiwa ovyo hugeuka maji. Simuungi mkono kabisa yule anayemimina dawa tatu kwa pamoja, zikiwamo za kuua bakteria, kwa samaki ambaye hajamchunguza. Kutenga kwanza ni kutazama: anakula? anapumua kwa haraka? anajikwaruza kwenye mabomba? Dawa hufuata jibu.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba tangi dogo humtia samaki dhiki. Mimi nauliza, ni dhiki ipi iliyo kubwa zaidi, kupumzika peke yake akijifunza kula chakula kigeni, au kuingizwa akiwa mchovu wa safari miongoni mwa wenyeji wanaomfukuza kila pembe? Wengine watasema kwamba mwuzaji amekwisha kumtibu. Mwuzaji hupokea samaki kutoka bahari mbalimbali, na maduka mengi huzungusha maji yale yale katika matangi yote. Baadhi yao hutia shaba kidogo ambayo huuficha ugonjwa bila ya kuuponya. Neno la mwuzaji si cheti cha daktari.

Kutenga si wazo geni lililobuniwa na matajiri wenye matangi. Mwaka 1377 bandari ya Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik, iliamuru watu waliotoka penye tauni wakae kando kwa siku 30. Muda huo baadaye ulifanywa siku 40, na hesabu hiyo ya Kiitaliano ndiyo iliyotupa neno karantini. Hapa kwetu Afrika Mashariki, kisiwa cha Changuu karibu na mji wa Unguja, ambacho jina lake ni la samaki, kilikuwa kituo cha karantini enzi za ukoloni. Na mwaka 2020 Wakenya waliorejea kutoka ng'ambo walitengwa kwa siku 14 kwa sababu ya korona. Tulinung'unika, lakini tulielewa sababu. Iweje basi tuone tabu kumfanyia hivyo samaki asiyeweza kutueleza kwamba anaumwa?

Rai yangu ni kwamba jukumu hili ligawanywe katika mkondo mzima wa biashara. Msafirishaji wa Pwani awapumzishe samaki wake na kuwachunguza kabla ya kuwafunga mifukoni, na wenye dhamana ya uvuvi wahakikishe kwamba ana mahali pa kuwatenga wagonjwa. Mwenye duka, awe Nairobi au London, asimuuze samaki siku ile ile aliyoshuka kwenye ndege. Naye mnunuzi, ambaye ndiye mlinzi wa mwisho, akiwa hana nafasi ya tangi la pili basi hana nafasi ya samaki wa pili.

Mvuvi wetu hulipwa fedha kidogo kwa samaki aliyemnasa kwa jasho chini ya maji. Samaki huyo akiishi miaka katika tangi la mgeni, mwamba wetu umetoa mmoja tu. Akifa katika mwezi wa kwanza, mwenye tangi huagiza mwingine, na mwingine tena, na mwamba ndio unaolipa deni la haraka zake. Wiki nne za subira ni malipo madogo kuliko hayo.