Swichi ya okazi: bei ya chini dukani, bei kali kwa batri ya shule

Tangu mwezi wa tano 2025, wakati ARPTC ilipatia Starlink ruhusa ya kufanya kazi katika inchi yetu, neno intaneti linasikika hata katika mikutano ya wazazi. Lakini intaneti ikifika juu ya paa la shule, haijafika bado kwa mwanafunzi. Katikati kuko kasanduku kenye matundu mengi ya kuchomeka kebo. Kanaitwa swichi (si ile ya kuwasha taa), na ndiko kanaunganisha ordinatere zote za chumba. Hapo ndipo makuta ya wazazi yanaweza kupotea bila mtu kuona.

Masomo ya bure yalianza 2019 katika shule za msingi za serikali, lakini hayakuleta vyumba vya informatike. Kwa sekondari, mzazi angali analipa. Kwa hiyo kila dola ya vyombo imetoka kwa mtu mwenye kuuza ndizi ao kuendesha pikipiki.

Tuchukue shule yenye ordinatere 20 na paneli za jua. Sokoni fundi anaonyesha vitu viwili. Cha kwanza ni swichi ya okazi iliyotoka katika biro za Ulaya: matundu 24, chuma tupu, feni ndani. Cha pili ni mpya, matundu 24 vilevile, nyepesi, haina feni. Komite inatazama ile ya chuma na kusema: "Hii itakaa miaka."

Sasa tufanye hesabu. Swichi kubwa za zamani za namna hiyo zinaweza kula wati 50, hata kama wanafunzi hawajaingia. Kwa saa sita ni wati-saa 300. Ile isiyo na feni inakula karibu wati 15, ni kusema wati-saa 90. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200, lakini batri ya risasi haifai kushushwa kupita nusu, isipokuwa unataka kuiua mbio. Inabaki 600. Basi swichi ya chuma peke yake imekula nusu ya moto wa siku! Tofauti ya 210 ingetosha kuendesha ordinatere ya kubeba ya wati 30 kwa saa saba.

Ni kusema okazi ni mubaya? Hapana. Shule yenye moto wa kutegemea, na fundi mwenye kujua kutenganisha mashini za biro na za wanafunzi, inaweza kupata faida. Shule ingine isilipie mambo ambayo haitatumia, kama swichi za kutuma moto ndani ya kebo kwa ajili ya kamera.

Na mwendo? Kama kazi ni intaneti tu, tundu la megabiti 100 kwa sekunde linatosha, sababu intaneti yenyewe inagawanywa kwa chumba kizima. Lakini shule inaweza pia kuweka Wikipedia ndani ya mashini moja kwa njia ya Kiwix, na wanafunzi wote wakasoma bila kulipa intaneti hata kidogo. Ukiongeza video juu ya mashini hiyo, hapo swichi ya megabiti 1000 inakuwa na maana.

Mambo matatu yanasahauliwa. Kebo: ulizeni kama ni shaba kweli, maana kuko za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, na isipite metre 100. Moto: wekeni chombo cha kulinda, kwani kurudi kwa moto kwa nguvu kunaunguza. Tena, mtoto akichomeka ncha zote mbili za kebo moja katika swichi ya kawaida, chumba kizima kinaweza kusimama. Kabla ya kuita fundi wa kulipwa, tafuteni kebo hiyo.

Kwa hiyo, mbele ya COPA na COGES kutia sainye kwenye faktire, waulize fundi swali moja: chombo hiki kinakula wati ngapi? Kama hana jibu, faktire ingoje kwanza.