Usikubali kozi kwa sababu ya mlango wa kutokea

Leo naacha mambo ya kuandika programu niseme jambo linaloniudhi kila msimu wa kujiunga na vyuo.

Juzi binamu yangu alinipigia simu. KUCCPS wamempa kozi ya kilimo katika chuo kikuu chenye jina kubwa. Chuo kingine kidogo kimemwandikia barua ya Sayansi ya Kompyuta, lakini ajilipie karo. Akaniambia, "Kaka, nachukua ile ya kilimo. Nikipata A tupu mwaka wa kwanza, nahamia kompyuta."

Nani anawafundisha watoto wetu maneno haya? Najua: intaneti. Wanasoma ushauri wa Marekani na kuuleta hapa mzima mzima. Kule California kuna vyuo vya jamii 116. Mwanafunzi husoma huko miaka miwili, na akifikisha masharti, matawi sita ya Chuo Kikuu cha California hutoa ahadi ya kumpokea. Berkeley na UCLA hazimo katika ahadi hiyo. Kule alama za chuoni ndizo zinazohesabiwa, na masharti yameandikwa mapema.

Hapa Kenya mashine ni nyingine! Ukiomba uhamisho kupitia KUCCPS, dirisha hufunguliwa kwa muda mfupi baada ya nafasi kutolewa, na kinachoangaliwa ni KCSE yako: je, pointi zako za klasta zinafika kiwango cha mwisho cha kozi unayoitaka kwa mwaka wako? Na je, nafasi ipo? Zile A za mwaka wa kwanza hazimo kwenye hesabu. Pointi za KCSE hazipandi kwa kusubiri. Endesha programu mara elfu, jibu ni lile lile.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Nilipomaliza kidato cha nne nilikubali kozi nisiyoitaka kwa ajili ya jina la chuo, nikijipa moyo kwamba nitahama. Fizikia yangu ilikuwa imeniangusha, na pointi zangu hazikufika. Nilikaa mwaka mzima nikijidanganya, kisha nikaacha na kuanza upya kwingine kwa kujilipia. Mama aliuza ng'ombe wawili kulipia mwaka ambao haukunipa hata somo moja la kuhamisha. Kosa lilikuwa langu, lakini ng'ombe walikuwa wake.

Hata chuo kikikupokea kwa njia nyingine, kanuni zinaruhusu kuhamisha chini ya nusu ya masomo, tena yanayofanana. Sayansi ya udongo utaihamishia wapi kwenye kompyuta?

Wengine watasema jina la chuo hufungua milango. Labda. Mimi katika usaili wangu wote niliambiwa, "Andika programu tuone." Jina la chuo halikuniandikia hata mstari mmoja.

Sisemi kila mtu akimbilie kujilipia. Karo ni mzigo, na kilimo ni kozi nzuri kwa anayeipenda. Nasema fanya hesabu leo, kabla ya kubeba sanduku. Linganisha pointi zako na kiwango cha kozi unayoitaka. Zikifika, omba uhamisho dirisha likifunguliwa, usingoje mwaka wa pili. Zisipofika, basi huo mpango wa kuhama ufute kabisa. Ziko njia nyingine, kama kusoma stashahada ya kompyuta kwanza, kisha uombe shahada kwa stashahada hiyo.

Halafu jiulize swali moja: wakinikatalia kuhama, nitaimaliza kozi hii bila kinyongo? Kama jibu ni hapana, usiikubali.

Binamu bado hajaamua. Nimempa hadi Jumapili, na nimemwambia aje na karatasi ya matokeo.

Wewe unayeona nimekosea, sema. Nasubiri maoni.