Tuchange, tule samaki mkubwa

Ndugu zangu wa Kisangani, kuanzia Makiso hadi Lubunga ng'ambo ya mto, sisi ni watu wa kula vizuri, na hilo si la kuonea aibu. Liboke la mboto lenye pilipili, likafunguliwa majani yake moto moto pembeni ya lituma: mto na pori ndio vimetupa chakula hicho, nami nataka wajukuu wetu wakile pia.

Lakini tazameni sokoni. Kando ya samaki wakubwa kuna sahani za watoto wa samaki, wadogo kuliko kidole, waliokokotwa kwa chandarua. Chandarua hicho kilitolewa ili kumkinga mtoto na malaria. Sasa kinapitishwa ukingoni, mahali samaki wanapokulia, na matundu yake hayaachi kitu. Wagenia wana njia nyingine, hapa hapa mjini: vikapu vyao vikubwa, vilivyofungwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maporomoko, hunasa samaki mkubwa, na mdogo hupenya kwenye nafasi za fito akaenda zake.

Mama anayenunua sahani ile simlaumu. Pesa ya siku haifikii bei ya mboto mzima. Basi tutumie tunachokijua tayari: likelemba. Nyumba nne au tano za avenyu moja zichange, zinunue samaki mmoja mkubwa, zigawane vipande. Muuzaji atapata faida yake, na mwenye chandarua ataona mzigo wake umekosa mteja. Nanyi wakuu wa mitaa, kaeni na wavuvi mkubaliane ni kingo zipi ziachwe zipumzike samaki wanapozaa.

Na tukimnunua samaki huyo, mfuko wa plastiki tuukatae. Amri ya kuupiga marufuku ipo tangu Desemba 2017, na majani ya kufungia chakula bado tunayo.

Kuna na makala ya kumpikia. Mto Tshopo una kituo cha umeme ndani ya mji wetu, lakini babula zetu bado zinakula miti ya barabara ya Buta na ya Ituri. Wabunge wa jimbo tuwadai, kwa sauti moja, umeme unaotosha kupikia.

Samaki hawangoji wabunge. Jumapili hii, mkitoka kusali, ulizaneni na majirani: nani anachanga, na nani atawahi sokoni Jumatatu asubuhi?